Mwamba Huvutia Kwake

Saa nane na robo usiku, kusini ya Añelo.
Upepo umelala kwa mara ya kwanza wiki hii.
Baldomero yuko kwenye winchi, anatafuna biskuti za chumvi,
na kebo inashuka
ikibeba chuma kirefu kuliko lori
chenye kazi moja tu: kugonga, kisha kunyamaza kisikilize.

Mita elfu mbili mia tisa.
Ng'ombe Mfu, ndivyo mwamba huu ulivyobatizwa.
Ng'ombe hayumo. Mna tope la bahari iliyokwisha kuhama,
chembe za udongo zilizolala chali, moja juu ya nyingine,
na mafuta ya vijidudu yaliyoganda katikati
mpaka yakasahau kwamba yaliwahi kuelea.

Rosaura Huenchul anabonyeza. Chuma kinagonga.
Wimbi la msukumo linafika kwanza, mbio, halina hata salamu.
La mkato linafuata, likitikisa mabega.
Mwisho kabisa, wimbi la mrija,
zito, linatambaa ukutani mwa kisima
kama mlevi anayeijua njia ya kwao kwa kupapasa.
Huyo mlevi ndiye anayengojewa:
katika kupapasa kwake
ameuonja mwamba ubavuni.

Chukua gogo.
Lipasue kwa kufuata nyuzi: shoka moja, basi.
Likate kwa kuzikingama: jasho na matusi.
Gogo ni lile lile.
Sauti nayo ikifuata tabaka huteleza;
ikizikata hukokota miguu, kila mlango ipige hodi.
Usiulize basi mwamba huu ni mgumu kiasi gani.
Uliza: ukisukumwa kutoka wapi?

(Kwetu husemwa mwamba ngoma huvutia kwake.
Najua, mwamba wa methali ni mtu, na anachowamba ni ngozi.
Lakini tangu nianze kuandika haya
nikiisikia naliona jiwe.)

Namba tano zinatakiwa kuujua mwamba wa namna hii.
Kisima kilichosimama wima hutoa tatu.
Mbili zilizobaki hazitoki,
hata ugonge hadi asubuhi,
mpaka uchimbe mshazari.
Rosaura ameiandika sentensi hiyo katika ripoti nne,
na wakubwa wa Neuquén wamejibu mara nne
kwamba bajeti ni ya kisima wima.

Baba yake, Evaristo, yuko Allen, na sikio moja.
La kushoto liliuawa na mashine ya kunyunyizia dawa
katika hekta nne za mapeasi
ambazo sasa ni uzio, bomba, na taa isiyozimwa.
Kila Jumapili binti humuuliza, wima: Kwa nini uliuza?
Kisha huhesabu, ni mazoea ya kazi.
Sekunde tisa. Sekunde kumi na moja.
Jibu hufika limechoka, halina umbo:
"Mambo tu, mwanangu."

Kunapambazuka. Mikrosekunde themanini na mbili kwa futi,
kisha themanini na nne, kisha mstari unaruka:
jivu la volkano, unene wa kiganja. Unatulia.
Rosaura anatoka nje, anapiga simu.
Hamuulizi habari ya kuuza.
Anauliza, ule mwaka wa baridi kali,
mlichoma matairi mangapi kuyapasha moto maua?

Na mzee anateleza.
Mia mbili na sitini! Na moshi, na mama yako na kipimajoto,
na jirani Ochandio aliyelala ndani ya toroli,
na asubuhi maua meusi, yote, kama tuliyachoma sisi,
na ndipo nikaenda benki,
na benki, unajua, haina majira ya mavuno,

halafu kimya.

Baldomero anapaza sauti kutoka kwenye winchi:
anavuta au bado?
Rosaura anainua mkono. Bado.